Nafasi ya Wanaosubiri King'ora

Niken Larasati aliwakuta wafu siku ya Jumatatu asubuhi, alipoingia chumba cha mashine kubadilisha chujio la kiyoyozi. Alikuwa amevua viatu mlangoni kama ilivyo ada, na soksi zake zikalowa kabla hajafika katikati ya chumba. Kwanza alikilaumu kiyoyozi, maana kilikuwa na tabia ya kuvuja. Kisha akaona watu wameketi sakafuni baina ya makabati mawili ya seva, wamekunja miguu kama watu walio hitimani, maji yakiwachuruzika kwenye nguo. Aliyekaa karibu na mlango alikuwa Paklik Jumadi, mjomba wake, mdogo wa mama yake, aliyezikwa mwaka jana.

"Vaa ndala, mwanangu," Paklik alimwambia. "Utapata mafua."

Niken alitoka, akavaa ndala, akarudi, akabadilisha chujio.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya pampu na ving'ora vya mafuriko, katika mji mmoja wa pwani ya kaskazini ya Java, ambako ardhi inazama kidogo kidogo na bahari haina haraka. Maji ya bamvua yakija, huingia jikoni bila hodi, na watu huinua magodoro juu ya meza, mazungumzo yakaendelea. Kazi ya kuwasha pampu na kupiga ving'ora ilifanywa na seva mbili pacha. Kijava zilikuwa na majina marefu ya kifalme. Hapa tuziite Kulwa na Doto, tusichoshane. Kulwa alifanya kazi, Doto akamtazama. Kulwa akianguka, Doto alishika palepale mwenziwe alipoachia, ili mji usikose wa kuuamsha.

Programu iliyowalinda pacha hao ilihitaji kumbukumbu ya pamoja. Mtu asiogope jina. Ni jamvi moja linalotandikwa katikati ya wote, kila kitu kina mahali pake pa kukaa juu yake, na kila kilichokaa kinaonwa na pacha wote wawili: pampu ipi imewashwa, king'ora kipi kimelia, nani yu hai. Ubaya wa jamvi hili ni kwamba hutandikwa mara moja tu, mfumo unapoanza, na baada ya hapo halivutwi likarefuka. Kwa hiyo lazima mtu akae kwanza na kukadiria: seva ngapi, pampu ngapi, ving'ora vingapi, kila kimoja kitakula nafasi kiasi gani, na akiba ya dharura. Mtu huyo alikuwa Niken. Akikadiria pungufu, wa mwisho kufika hukosa pa kukaa, na mfumo haupigi kelele. Unamwacha nje na kuendelea na shughuli zake.

Ndivyo kilivyofanyiwa Kitongoji cha Tirtoayu. Tirtoayu imejengwa kwenye ukingo wa mto, juu ya ardhi ambayo ramani ya manispaa inaonyesha kuwa ni maji. Ramani si ya uongo kabisa. Mara kadhaa kwa mwaka huwa kweli. Wakazi walichanga wakanunua king'ora chao wenyewe, Niken akawaunganishia, na wakati wa kukadiria akakitengea mahali. Pak Hargono, mkuu wa ofisi, akakitoa. Mfumo, alisema kwa upole, unahesabu vilivyo kwenye ramani; hicho kingine kikae kwenye akiba, akiba si ipo? Niken alijua akiba ile haitoshi, akajibu, "Nggih, Pak." Ndiyo, mzee. Huko Java kumkatalia mkubwa usoni ni sawa na kumvua nguo mbele za wakwe zake, na Niken alikuwa amelelewa vizuri.

Mwaka jana, tuta la mto lilipobomoka, umeme uliyumba na Kulwa akazimika. Doto akashika usukani kama alivyofunzwa. Akakiketisha kila king'ora mahali pake, na cha Tirtoayu, kilichofika mwisho, kikakuta jamvi limejaa. Watu kumi na mmoja walikufa maji. Taarifa ya ofisi ilieleza kwamba mfumo haukusimama hata dakika moja, na hilo lilikuwa kweli tupu. Mkoa ukatoa cheti cha pongezi. Kilitundikwa ukutani juu ya meza ya chai.

Sasa zilikuwa zimekuja seva mpya, zikarithi majina yaleyale, jamvi lilikuwa linatandikwa upya, na msimu wa mvua ulikuwa mlangoni. Niken alikuwa amejiapiza kwamba safari hii Tirtoayu itaingia. Bulik Sarmi, mjane wa Paklik Jumadi, alikuwa bado anaishi kulekule ukingoni na tanuri lake la samaki, na hakuwa na nia ya kuhama. Niken alikuwa akilala na hilo na kuamka nalo. Alikuwa anaogopa, kwa ufupi, na woga wake ulikuwa na sura ya Bulik.

Lakini majaribio yalikataa. Kila alipomzima Kulwa, Doto alijibu kwamba hana nafasi. Niken alikagua jamvi akakuta vipande kumi na kimoja vimeshikwa na visivyo pampu wala king'ora. Alivifuta. Baada ya chai vilikuwa vimerudi. Basi akaingia chumba cha mashine akachuchumaa mbele ya mjomba wake.

"Paklik, samahani. Mnafanya nini humu?"

"Tunasubiri."

"Mnasubiri nini?"

"King'ora," alisema Paklik. "Tulikisubiri juu ya paa mpaka paa lenyewe likaondoka. Tukasema kitakuwa kimekwama ofisini. Twende tukakingoje hukohuko, kuliko kusumbua watu."

Nyuma yake Mbah Tumirah, bibi aliyekuwa akiuza krupuk, vitafunio vyepesi vya kukaanga, penye daraja, alisema mahali penyewe si pabaya, pana ubaridi mzuri, ila tangu wafike hakuna aliyewaletea hata chai. Alikuwa amepakata karai lake. Niken aliomba radhi kwa niaba ya ofisi, akawauliza kama kikilia wataondoka.

"Kikilia tutajua muda wa kukimbia umefika," Paklik alisema. "Sasa hivi haujafika. Mtu hawezi kuondoka hivihivi tu."

Niken alitengeneza chai, akapeleka sinia, kisha akaenda kumwarifu mkuu wake.

Pak Hargono alikuwa mtu mwema, na ni vizuri hilo lisemwe mapema. Alikumbuka majina ya watoto wa wafanyakazi, na hakuwahi kupandisha sauti. Alikuja mwenyewe. Alikunja suruali mpaka chini ya magoti, akainama kidogo alipopita mbele ya wakubwa wake kwa umri, akawapa wafu mkono mmojammoja, akawapa pole kwa yaliyowafika. Kisha akamgeukia Niken.

"Mmoja anakula kiasi gani?"

Niken alikuwa ameshapima. Walikuwa wanalingana takribani, isipokuwa Mbah Tumirah ambaye alichukua zaidi.

"Kwa nini yeye zaidi?"

"Amekuja na karai, Pak."

"Ah," alisema Pak Hargono. Aliona ni haki yake.

Walitoka wakasimama penye meza ya chai, mbele ya wenzao. Niken alieleza kwamba dawa ni moja na ni nyepesi. King'ora cha Tirtoayu kihesabiwe, kitengewe mahali pake, kisha kipigwe mara moja tu mchana kweupe. Wafu wataondoka, na walio hai watakuwa na wa kuwaamsha. Kilihitaji nafasi ndogo kuliko karai la Mbah Tumirah.

Pak Hargono alimsikiliza mpaka mwisho, akimimina chai yake.

"Mwanangu," alisema, "king'ora kile nikikiweka leo, kesho wataniuliza mwaka jana kilikuwa wapi."

"Kilikuwa nje, Pak."

"Najua kilikuwa nje. Wewe unajua, mimi najua, na hao waliomo ndani wanajua. Tukikiweka, na mkoa utajua." Alipuliza chai. "Tena Tirtoayu haiko kwenye ramani. Nikitoa king'ora kwa watu wasiokuwepo, kesho wataomba barabara. Kumbukumbu ni rahisi, Mbak Niken. Ramani ndiyo ghali. Hawa wageni wetu watengee nafasi yao, yote, na karai. Waandike matumizi ya kudumu. Si vizuri watu wazima wakae wakifutwafutwa kila siku kama vumbi."

Alifikiri kidogo, akaongeza kwamba akiba nayo iwe mara mbili.

"Mara mbili ya nini, Pak?"

"Ya hao waliomo. Kwa uzoefu wangu, idadi ya namna hii haipungui."

Alikuwa akimtazama, akingoja ile nggih yake. Niken aliisikia imefika kwenye ulimi, imejipanga vizuri, imechana nywele. Akaimeza.

"Sikubali, Pak," alisema.

Ofisi nzima iligeuka. Watu walikuwa wamepishana na wafu tangu asubuhi bila kugeuza shingo, na mhasibu alikuwa amemkopesha mmoja taulo. Lakini hili hawakuwahi kuliona. Mtu mmoja aliweka kikombe chini polepole ili kisigonge. Niken mwenyewe aliona aibu mpaka masikioni, na chini ya aibu palikuwa na hasira, na hasira ilikuwa tamu.

Pak Hargono hakukasirika. Alitabasamu, akasema Mbak Niken amechoka, mzigo wa makadirio si mdogo, na leo si ndiyo hitima ya mwaka ya mjomba wake? Basi aende mapema akamsaidie mama. Yeye mwenyewe atamalizia. Na kweli alimalizia. Makadirio yalikwenda mkoani mchana uleule kwa jina lake mwenyewe, na yalikuwa safi, wala hayakuwa na kosa la hesabu.

Nyumbani mama yake Niken alikuwa amezungukwa na sufuria. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kupika chakula cha hitima za watu, na makadirio yake hayakuwahi kupungua. Aliuliza waalikwa ni wangapi, kisha akapikia na wasioalikwa, kwa sababu, alisema siku zote, asiyealikwa ndiye huja na njaa. Niken alikaa sakafuni kukunja maboksi ya karatasi. Bulik Sarmi alikuwa pembeni akiwapanga samaki wake wa mwatiko, waliopikwa mpaka miiba ikalainika kama nyama. Niken akawaeleza alichokiona kazini.

Mama yake aliuliza kama Jumadi anakula. Bulik aliuliza amevaa nini.

"Msuli wake, ile sarong ya kijani."

"Ile?" Bulik alisema. "Nimeitafuta mwaka mzima. Nimeshagombana na majirani kwa ajili ya ile sarong."

Aliendelea kupanga samaki. Mikono yake haikusimama, ila alimweka samaki mmoja mara mbili kwenye boksi lilelile, akamtoa. Niken alimwomba ahamie kwao, hata kwa msimu huu wa mvua tu. Bulik alisema na tanuri ahamie nalo wapi, jikoni kwa wifi yake? Moshi huo atauweza? Na wateja wamezoea palepale. Isitoshe mwaka huu, akaongeza, si kuna mashine mpya.

Niken alimwambia kwamba Tirtoayu haimo kwenye mashine mpya. Alimweleza na sababu. Hakuipamba.

"Hebu ngoja," Bulik alisema. "Jumadi wangu amepewa nafasi?"

"Ndiyo, Bulik."

"Na Mbah Tumirah?"

"Na karai lake."

"Ila mimi ninayepumua, sina?"

"Wao wanaonekana kwenye mashine, Bulik. Nyinyi hamuonekani kwenye ramani."

"Kumbe," Bulik alisema. "Kuingia humo ni mpaka mtu alowe kwanza."

Mama yake Niken alimwambia aache maneno hayo mbele ya chakula. Bulik aliacha. Kisha alisema, kama anayezungumza na samaki, kwamba zamani walikuwa na kentongan. Kila msomaji wa huko anaijua: gogo lililotobolewa ndani, linaning'inizwa kibarazani mwa walinzi wa zamu, hatari ikija linagongwa na kitongoji kizima kinaamka. Ile ya Tirtoayu ilikuwa ya mti wa mfenesi, na sauti yake ilivuka mto. Siku king'ora kilipofungwa walifanya sherehe. Zamu za ulinzi zikavunjwa, kwa sababu nani atakesha tena wakati mashine inakesha? Gogo likakaa tu likawa makao ya mchwa, na mwishowe Bulik aliliomba.

"Nililipasua kuni," alisema. "Liliwaka vizuri sana. Lilitoa mwatiko mtamu."

Watu wakaanza kuingia, wanaume wakaketi kwenye majamvi, dua zikasomwa, na maboksi yakatosha na kubaki. Bulik alichukua moja, akaongeza samaki mzuri juu yake, akalifunga kwa mpira. "Mpelekee. Na mwambie ile sarong airudishe." Alipokwisha kulitoa mkononi aligeukia ukuta akalia, kidogo, kama mtu anayepiga chafya, halafu akaenda kuosha sufuria.

Mfumo mpya ulizinduliwa siku ya Alhamisi. Kwenye ukumbi wa ofisi palisimamishwa mnara wa wali wa manjano, na wageni wa mkoani walikuja na batiki zao zilizopigwa pasi. Pak Hargono aliwapitisha chumba cha mashine. Walipewa ndala mlangoni, zilikuwa zimenunuliwa mpya kwa kazi hiyo. Waliwapa wafu mkono, wakafuta mikono kwa leso kwa siri, na mmoja wao akauliza kama unyevu hauathiri vifaa. Pak Hargono akamhakikishia kwamba yote yamezingatiwa kwenye makadirio.

Kisha Kulwa alizimwa mbele yao. Doto hakusita. Alimketisha kila mmoja mahali pake, pampu, ving'ora na wafu, na jamvi likabaki na nafasi. Ving'ora vikaanza kulia mji mzima kwa zamu.

Wafu waliinua vichwa. Mbah Tumirah alilishika karai lake kwa mikono miwili, tayari kunyanyuka. Kimoja kililia upande wa mashariki. "Hicho cha sokoni," Paklik Jumadi alisema. Kikalia kingine. "Hicho cha stesheni." Vililia vya bandarini, vya hospitali, vya mitaa ya wenye nyumba za ghorofa, na kila mara Paklik alitikisa kichwa taratibu. Cha mwisho kilipokoma walikaa bado wamenyanyua nyuso, wakisikiliza. Kiyoyozi kiliguruma. Hatimaye Mbah Tumirah aliliteremsha karai mapajani.

"Si chetu," alisema, na wote wakakunja miguu tena.

Ukumbini makofi yalipigwa. Pak Hargono alikata kilele cha ule mnara wa wali, na kwa kuwa kilele hupewa mkubwa, alikipeleka mwenyewe kwa Mbah Tumirah, kwa mikono miwili. Wengi waliguswa. Walipiga picha, na kwenye picha wafu walitoka vizuri, ila miguuni pao paliwaka sana kwa sababu ya maji. Cheti kipya kilitundikwa kando ya kile cha zamani. Hiki kilisema kwamba mfumo umezingatia mahitaji ya wote.

Watu walipohamia kwenye chakula, Niken aliingia chumbani na boksi la Bulik. Paklik alilifungua, akamnusa samaki, akafumba macho.

"Wa mti wa mfenesi?"

"Hapana, Paklik. Huo uliisha."

"Ni mtamu hata hivyo," alisema, akala polepole, akiwapitishia wenzake. Niken alimwambia kwamba Bulik anaidai sarong yake.

Paklik alisema Niken amemkumbusha jambo. Aliinuka, akaifungua ile sarong ya kijani aliyokuwa ameivaa juu ya suruali, akaikamua, na kuitandika chini kando yake, pale kwenye akiba ambapo hapakuwa na mtu. Aliinyoosha pembe zote, akaweka ndala yake moja juu ili isijikunje, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi msikitini.

"Hapo pa nani?" Niken aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Pa Bulik yako. Huwa anapenda kukaa ukutani, kwa sababu ya mgongo."

"Haji, Paklik."

"Alisema atahama?"

Nyuma ya Paklik wengine nao walikuwa wanasogea, mmoja huku, mwingine kule, bila kelele, wakiacha mapengo ya mtu mmojammoja. Kila mmoja alikuwa na mtu wake Tirtoayu. Walifanya hivyo kwa adabu, wakiombana radhi kwa kugusana na nguo za maji.

"Uikunje hiyo sarong," Niken alisema. "Nakuomba."

"Ipo nafasi, mwanangu," Paklik alimwambia kwa huruma. "Pak Hargono ametukadiria vizuri."

Hakuikunja. Nje, juu ya bati la kibanda cha pikipiki, matone ya kwanza ya msimu yalianza kugonga, na kwenye skrini ya Doto kila kitu kilikuwa cha kijani.